Maswali na majibu: Mwenyekiti hatumtaki tena, tumtoeje?

Barua nyingi za wiki hii zinauliza jambo moja: kiongozi tuliyemchagua wenyewe, tukimchoka, lazima tumvumilie miaka mitano?

Tangu uchaguzi wa Novemba 2024 mwenyekiti wa kijiji chetu hajasoma mapato na matumizi hata mara moja. Tunaweza kumtoa? (Msomaji, Bahi)

Mnaweza, na wengi hawalijui hili. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Sura ya 287, kifungu cha 141, inaupa mkutano mkuu wa kijiji mamlaka ya kuchagua halmashauri ya kijiji na pia kumwondoa mjumbe wake yeyote, mwenyekiti akiwamo, au wote kwa pamoja. Na mkutano mkuu ni wakazi wote wenye miaka 18 na kuendelea, si wale wa viti vya mbele tu.

Ila kelele za chini ya mbuyu si uamuzi. Hoja iwe kwenye ajenda, mahudhurio yasainiwe, akidi (idadi ya chini ya wahudhuriaji inayotakiwa) itimie, kura zihesabiwe na muhtasari uandikwe palepale. Muhtasari unaosema tu "wananchi walimkataa", bila idadi ya kura, ukifika wilayani unalala kwenye faili, na mwenyekiti anaendelea kutembea na muhuri mfukoni.

Mkutano anauitisha yeye. Ataitishaje wa kumng'oa? (Huyohuyo wa Bahi)

Hapo ndipo penye kazi. Mwandikieni mtendaji wa kijiji, ambaye ndiye katibu wa halmashauri ya kijiji, mkiomba mkutano na mkitaja hoja. Nakala ziende kwa mtendaji wa kata na mkurugenzi wa wilaya. Ambatisheni majina na saini. Nakala yenu igongwe muhuri wa "imepokelewa" wenye tarehe, la sivyo mtaambiwa barua haikufika.

Wetu amempa mtu wa mjini eneo la malisho. Tusubiri tumtoe kwanza? (Chamwino)

Msisubiri. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, halmashauri ya kijiji haigawi ardhi bila idhini ya mkutano mkuu. Ombeni muhtasari wa mkutano ulioridhia. Kama haupo, hoja yenu ni hiyo. Kama kuna fedha iliyopita chini ya meza, nendeni TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa.

Na diwani? Tangu aapishwe hatujamwona. (Kongwa)

Kwa diwani na mbunge, mpiga kura hana njia ya kumrudisha nyumbani katikati ya muhula. Chama kinayo: kikimvua uanachama, kiti kimekwenda. Binafsi naona huu ni mpangilio wa ajabu, aliyempigia kura anyimwe nguvu aliyopewa aliyemdhamini. Rasimu ya Katiba mpya ya mwaka 2013, iliyoandaliwa na Tume ya Jaji Warioba, ilitaka wananchi waweze kumwondoa mbunge. Bunge Maalum lililoijadili rasimu hiyo lilipomaliza kazi yake hapa Dodoma Oktoba 2014, kipengele hicho hakikuwamo katika Katiba Inayopendekezwa.

Kenya si wanaweza? (Dodoma mjini)

Ibara ya 104 ya Katiba yao ya 2010 inasema hivyo. Lakini vifungu vya sheria vilivyoweka utaratibu vilibatilishwa na Mahakama Kuu mwaka 2017. Msiwaonee wivu sana.

Mtendaji wa kijiji naye tumpigie kura ya kumtoa? (Mpwapwa)

Hapana, huyo ni mwajiriwa, hamkumchagua. Malalamiko yenu yaende kwa mkurugenzi, kwa maandishi, yakiwa na tarehe na matukio. "Ana dharau" peke yake haitamsumbua mtu.