Mlima wa moto ukilipuka: ninachowaambia vijana wa Kigoma wanaotembeza wageni

Vijana wetu waliozoea kupeleka wageni Gombe na Mahale kwa boti siku hizi wanapata kazi Arusha pia, na baadhi yao wanapandisha watalii mlima wa moto wa Ol Doinyo Lengai usiku kucha ili wawahi macheo kileleni. Wengine hapa Ujiji na Mwanga wana ndugu ng'ambo, mpaka Goma, mji wa Kongo ulio chini ya mlima wa moto wa Nyiragongo. Kila nikifundisha huduma ya kwanza, swali la volkano linaibuka. Mimi ni muuguzi, na Mei 2021 nilikuwa Goma kwa dada yangu aliyeolewa huko, mtaa wa Majengo. Ninayoandika hapa ndiyo ninayowajibu.

Mlima ulilipuka Jumamosi jioni, Mei 22. Mbingu ikawa nyekundu, na uji wa moto (lava) ukateremka ukasimama Buhene, pembeni kabisa mwa mji. Wengi waliuona unakuja wakaukimbia. Waliofariki ni kama thelathini, na miongoni mwao wamo waliopata ajali za magari wakikimbia, na wamo waliokufa kwa gesi walipojaribu kukatiza juu ya uji uliokuwa bado unapoa. Kwa hiyo darasani siuanzii moto. Naanza na pumzi.

Maeneo ya Goma yana mabonde madogo ambamo hewa ukaa hutoka ardhini na kutuama. Wenyeji huiita mazuku. Haina rangi wala harufu, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida inalala chini, basi mbuzi na watoto ndio wanaotangulia kuanguka. Ukiona ndege au mnyama mdogo amekufa bondeni bila jeraha, geuza njia, panda juu. Usipumzike shimoni, usimlaze mtoto chini mahali kama hapo. Na mwenzako akianguka ndani, usimfuate. Najua neno hilo ni gumu kwa mtu aliyelelewa vizuri, lakini anayeingia kuokoa bila mtungi wa hewa anaongeza maiti ya pili.

Majivu ni jambo jingine. Ni vumbi la mawe na vioo vilivyosagika, na ya Lengai yana magadi ndani yake. Yakiingia machoni usisugue, mwagia maji safi mengi, na mwenye lenzi azitoe kwanza. Barakoa inayobana vizuri usoni inasaidia kuliko kitambaa, na kukilowesha kitambaa hakukifanyi kichuje zaidi. Mwenye pumu abaki ndani, milango imefungwa, dawa yake ya kuvuta mkononi. Tenganisha bomba la paa na tangi la maji kabla mvua haijanyesha.

Kuhusu kuungua, nawapa waongoza watalii mfano wa Whakaari, kisiwa cha New Zealand. Desemba 9, 2019 kililipuka kikiwa na watu 47 juu yake, watalii na waongozaji wao. Waliokufa ni 22. Kisiwa kiko kilomita 48 baharini, na wengi wa manusura walitolewa na boti za watalii zilezile zilizokuwa karibu. Abiria wa kawaida ndio waliowamwagia majeruhi maji ya chupa kwa muda wote wa safari ya kurudi bara. Nahodha wa boti za Kibirizi, hapa Kigoma, anayesoma hapa anaelewa maana yake: hospitali ya kwanza ni chombo chako, na muuguzi wa kwanza ni wewe.

Basi jifunze kufanya hivi. Aliyeungua mwagie maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20. Barafu usitumie, wala dawa ya meno, mafuta ya kula, asali au majivu ya jikoni. Vua pete, bangili, saa na shanga mapema, kwa sababu mwili utavimba na baadaye hazitoki. Nguo iliyogandana na ngozi iache ilivyo, kata inayolegea. Funika kwa khanga safi, kisha mfunike mgonjwa mwili wote asipate baridi. Na sikiliza sauti yake. Aliyevuta hewa ya moto anaweza kuwa anaongea vizuri sasa, sauti ikianza kukwaruza au ukaona masizi puani, huyo ndiye wa kutangulia hospitali, hata kama mwenzake ana malengelenge makubwa zaidi.

Siku chache baadaye, Mei 27, mamlaka iliamuru sehemu kubwa ya Goma ihame, kwa kuwa ardhi ilikuwa bado inatetemeka na ilihofiwa mlima ungelipuka tena. Mamia ya maelfu ya watu waliingia barabarani siku moja. Sisi tulielekea Sake, mji mdogo magharibi mwa Goma, na huko nilijikuta nafanya kazi. Bibi mmoja alikuwa amekaa juu ya dumu tupu, kichwa kinamgonga, macho yanaona giza.

"Mama, dawa zako za presha ziko wapi?"

"Ziko chini ya godoro, mwanangu. Walisema tutoke, nikatoka."

Wagonjwa wa namna hiyo walikuwa wengi kuliko walioungua: presha, sukari, kifafa, dawa za kufubaza VVU. Mwenye dawa za kila siku awe na mfuko mdogo unaoning'inia mlangoni, wenye dawa za wiki mbili na karatasi yenye majina ya dawa na kipimo chake. Hili nalisema hata kwa watu wa Kigoma ambao hawatauona mlima wa moto maisha yao yote, maana mafuriko ya ziwa nayo hayasubiri.

Maji ndiyo yaliyonitia hofu zaidi. Uji wa moto ulikuwa umeharibu tangi kubwa na mabomba, watu wakawa wanachota Ziwa Kivu. Aliyekuwa Kigoma mwaka 2015 anakumbuka kijiji cha Kagunga, wakimbizi wa Burundi makumi ya maelfu wamebanana ufukweni, kipindupindu kikiwaua, na meli ya MV Liemba ikiwaleta mjini kwa zamu. Nilipoiona Sake nilikumbuka Kagunga. Beba vidonge vya kutibu maji, havina uzito. Ukikosa, chemsha. Mtu akianza kuharisha usisubiri: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, anywe kidogokidogo huku anapelekwa kituo cha afya. Choo kiwe mbali na maji, hata kama ni usiku na mvua inanyesha.

Watoto walipotezana na wazazi wao kwa mamia. Namba ya simu iliyoandikwa mkononi kwa kalamu hufutika kwa jasho kabla ya mchana. Dada yangu alishona vipande vya kitambaa ndani ya fulana za wanawe, jina na namba mbili, moja ya kwake na moja ya kaka yetu aliye hapa Kigoma. Ile ya mbali ni muhimu, kwa sababu mitandao ya pale penye janga huzidiwa.

Kwa wanaopandisha wageni Lengai: uliza kila mgeni kabla ya kuondoka kama ana pumu, moyo au mimba, na usikubali aibu imfiche. Kofia ngumu kwa kila mtu. Mlima Ontake wa Japani, Septemba 2014, uliua watu zaidi ya hamsini, wengi kwa mawe yaliyorushwa. Acha orodha ya majina na saa ya kurudi kwa mtu aliye chini, mwenye gari lililogeuzwa tayari kuelekea njia ya kutokea. Hospitali kubwa iko saa kadhaa kutoka pale, basi maji ya kumwagia aliyeungua yawe ndani ya gari hilo, dumu mbili zilizojaa, zisiguswe kwa kunywa.