Python 3.15: maswali yenu, na ile ng’ inayovurugika

Python 3.15, toleo jipya la lugha ya programu ya Python, imepangwa kutoka Oktoba 2026. Nimechukua maswali mliyoniuliza mara nyingi zaidi, nikianza na lile lililonigusa.

*Wanafunzi wangu wanaandika orodha ya wanyama kwa Notepad kwenye Windows. Python ikiisoma, ng’ombe anatoka “ngâ€™ombe”. Tunakosea wapi? (Mwalimu wa sekondari, Tabora)*

Hamjakosea, mwalimu. Alama ya ng’ ikitoka kwenye simu au Word mara nyingi huwa ni ile iliyopinda, si ile iliyonyooka ya kwenye kibodi. Kwa UTF-8, usimbaji (njia ya kugeuza herufi kuwa baiti) unaobeba herufi za lugha zote, alama hiyo moja huandikwa kwa baiti tatu. Notepad ya siku hizi huhifadhi kwa UTF-8, lakini Python kwenye Windows, usipoielekeza, hufungua faili kwa usimbaji wa mfumo wenyewe, na kwenye Windows ya Kiingereza huo kwa kawaida ni cp1252, usimbaji wa zamani wa Windows. Huko kila baiti huhesabiwa kuwa herufi kamili, ndiyo maana alama moja inazaa vikorokoro vitatu.

Katika 3.15, UTF-8 inakuwa chaguo-msingi kwenye mifumo yote. Pendekezo lake, PEP 686 la Inada Naoki (PEP ni hati ya kupendekeza mabadiliko ya Python), lilikubaliwa tangu 2022, na miaka yote hii ilikuwa ya kuwapa watu nafasi ya kujiandaa. Wengi wanalipita haraka kwa sababu halina mbwembwe. Mimi ndilo ninalolisubiri kuliko yote. Niliwahi kumaliza siku mbili nikisafisha orodha ya maneno ambayo ng’ara, ng’oa na ng’ambo yote yalikuwa yameharibika, na kosa halikuwa la aliyeyaandika. Anayejifunza programu kwa lugha yake hapaswi kupokelewa hivyo.

Kwa sasa wafundishe kuandika `open("wanyama.txt", encoding="utf-8")`. Mkitaka kuonja tabia ya 3.15 mapema, wekeni `PYTHONUTF8=1` kwenye vigezo vya mazingira vya Windows.

*Sisi tuna CSV za miaka mingi zilizotoka Excel. Badiliko hilo halitatuvuruga? (Karani wa chama cha ushirika, Moshi)*

Linaweza, na ni vizuri umeuliza mapema. Faili zilizohifadhiwa kwa cp1252 zina alama ya ng’ yenye baiti moja, 0x92, ambayo peke yake si UTF-8 halali. Programu iliyokuwa ikizisoma kimya kimya itasimama na kutoa `UnicodeDecodeError`. Usiogope ujumbe huo. Data yako haijaharibika. Andika `encoding="cp1252"` unaposoma faili hizo, kisha uzihifadhi upya kwa UTF-8, mara moja tu. Ili kujua ni mistari ipi ya programu inayotegemea tabia ya zamani, iendeshe kwa `python -X warn_default_encoding`. Onyo hilo lipo tangu 3.10.

*Programu yangu ya terminali inachelewa sana hata nikiomba `--help` tu. 3.15 itasaidia? (Mwanafunzi wa chuo, Mombasa)*

Itasaidia kama kinachokuchelewesha ni kupakia maktaba nzito. Utaweza kuandika `lazy import pandas`, na Python haitaipakia hadi pale jina hilo litakapotumika mara ya kwanza. Anayeomba maelezo tu hatasubiri kitu asichokihitaji.

Pendekezo la awali, PEP 690, lilitaka uvivu huo uweze kuwashwa kwa programu nzima, likakataliwa mwaka 2022. Hili la sasa, PEP 810, linakuachia uchague mstari kwa mstari, na naona hapo ndipo walipopatia. Tahadhari ni kwamba maktaba ikikosekana, kosa halitajitokeza mwanzoni, litajitokeza katikati ya kazi. Pia `lazy` hairuhusiwi ndani ya kazi (function), darasa (class) au `try`.

*GIL imeondolewa kabisa? (Mhandisi, Nairobi)*

Hapana. GIL ni kufuli la ndani linaloifanya Python itekeleze uzi (thread) mmoja tu kwa wakati mmoja. Python isiyo na GIL ilikuja kama jaribio katika 3.13, ikatambuliwa rasmi katika 3.14, lakini bado ni toleo la pembeni unalosakinisha kwa hiari yako. Kabla ya kuhamia, hakikisha maktaba zako zilizoandikwa kwa lugha ya C zinaikubali.

*Seva yetu bado iko 3.10. Tusubiri 3.15? (Dada wa Kampala)*

Msisubiri, dada. 3.10 ilitoka Oktoba 2021, na kila toleo hutunzwa miaka mitano, kwa hiyo marekebisho yake ya usalama yanakoma Oktoba 2026, mwezi uleule ambao 3.15 inatarajiwa. Hamieni 3.13 au 3.14 sasa, na mkiwa huko endesheni majaribio yenu yote kwa `PYTHONUTF8=1`. Yakipita, kwenye usimbaji 3.15 haitawashtua.