Soseji kwenye kontena la shule: maswali yenu sita

Tangu shule zifunguliwe, wazazi wengi wananiandikia kuhusu jambo moja: soseji, smokie (soseji ya moshi), poloni (soseji nene ya kukatwa vipande kwa mkate) na nyama nyingine za kusindikwa wanazokula watoto mchana. Nimefanya kazi ya bibi afya kwa miaka mingi na nimeingia jikoni kwa shule nyingi, kwa hiyo haya nayajibu kwa moyo wote.

*Mwanangu yuko darasa la pili na hataki kitu kingine ila soseji. Nakaanga saa kumi na moja alfajiri, naweka kwenye kontena, anakula saa saba mchana. Kuna ubaya? – Mama, Kinondoni*

Mama, tuanze na saa. Kutoka saa kumi na moja mpaka saa saba ni saa nane. Ukiweka soseji ya moto kwenye kontena la plastiki na kufunga, inatoa jasho, kisha inapoa polepole mpaka inakuwa vuguvugu, na uvuguvugu huo ndio bakteria wanaoupenda. Chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili kwenye joto la kati ya nyuzi 5 na 60. Cha mwanao kinakaa humo karibu asubuhi nzima.

Kuna bakteria aitwaye stafilokokasi anayeishi puani na kwenye ngozi zetu sote. Anaingia kwenye chakula kupitia vidole vile vile vinavyopanga soseji kwenye kontena. Akishazaliana anatoa sumu, na sumu hiyo haiondoki hata chakula kikipashwa moto upya. Mtoto anakula saa saba, saa kumi anatapika, nyumbani wanasema ni malaria. Nimeliona hilo mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka.

Tafuta chupa ya chakula inayotunza joto. Asubuhi ijaze maji yaliyochemka, ifunge kwa dakika kumi, mwaga maji, ndipo uweke chakula kikiwa bado kinatoa moshi. Kama huna, mpe kinachovumilia: chapati kavu, karanga, ndizi mbivu. Soseji yenyewe ibaki ya siku moja moja, tena ya kuliwa nyumbani. Na kama ana mdogo wake wa chini ya miaka minne, usimkatie soseji kwa vipande vya duara. Duara lile linaziba koo la mtoto sawasawa kama kizibo. Pasua kwa urefu mara mbili, kisha ukate vipande vidogo.

*Nimesikia kwamba soseji ni sawa na sigara. Watoto wetu wananunua smokie pasua nje ya geti kila siku. Tuogope? – Baba wa watatu, Nairobi*

Kauli hiyo ilianzia Oktoba 2015, pale shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani lilipoiweka nyama ya kusindikwa katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani. Sigara imo kwenye kundi hilo pia. Lakini makundi yale yanapima uhakika wa ushahidi, hayapimi ukubwa wa madhara. Wanasayansi wana hakika kwamba vyote viwili vinachangia saratani. Hawakusema vinaua kwa kiasi kimoja, na sigara inaua watu wengi zaidi, tena kwa mbali.

Walichosema ni kwamba kila gramu 50 zinazoliwa kila siku huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18. Hiyo ni nyongeza juu ya hatari aliyonayo mtu tayari. Haina maana kwamba watu 18 katika kila 100 wataugua. Neno la kulishika hapo, baba, ni *kila siku*. Smokie moja ya Ijumaa isikunyime usingizi. Ya kila siku, kuanzia darasa la kwanza mpaka la nane, hiyo ni desturi, na mtoto atatoka nayo shule aende nayo ukubwani.

*Nafundisha shule ya awali. Tunawapa watoto mkate na poloni, hatuipiki kwa kuwa paketi inasema iko tayari kuliwa. Mzazi mmoja amelalamika. Ana haki? – Mwalimu, Morogoro*

Ana haki, mwalimu, na nitakueleza kwa nini.

Mwaka 2017 hospitali za Afrika Kusini zilianza kupokea wagonjwa wengi wa listeria, bakteria anayeshambulia zaidi wajawazito, wachanga, wazee na wenye kinga dhaifu. Miezi ikapita na chanzo hakijulikani. Shida ya listeria ni kwamba anaweza kukaa mwilini mpaka siku 70 kabla mtu hajaugua, na ukimuuliza mgonjwa alikula nini miezi miwili iliyopita, nani anakumbuka?

Ijumaa ya tarehe 12 Januari 2018, watoto tisa wa chini ya miaka mitano, wote wa kituo kimoja cha kulelea watoto huko Soweto, walifikishwa hospitali ya Chris Hani Baragwanath wakiwa na homa na tumbo la kuhara. Daktari wa watoto akashuku chakula, akatoa taarifa. Siku hiyo hiyo maofisa wa afya walikwenda kituoni wakachukua poloni iliyokuwepo. Maabara ikamkuta listeria ndani ya poloni, ikamkuta pia kwenye choo cha mtoto mmojawapo. Kutoka hapo wakafuata nyayo mpaka kiwanda kimoja katika mji wa Polokwane, na tarehe 4 Machi waziri wa afya, Aaron Motsoaledi, akawatangazia wananchi wasile poloni. Hesabu ya mwisho ilikuwa wagonjwa 1,060 waliothibitishwa, na 216 kati yao walifariki. Zaidi ya wagonjwa wanne katika kila kumi walikuwa wachanga wasiotimiza mwezi, walioambukizwa na mama zao.

Sasa sikia hili kuhusu friji yako. Bakteria wengi hulala kwenye baridi. Listeria haogopi baridi, anaendelea kuzaliana humo humo taratibu. Kinachomuua ni moto. Kwa hiyo poloni ikaangwe au ichemshwe mpaka katikati iwe ya moto kabisa, hata kama paketi inasema iko tayari. Paketi ikishafunguliwa isikae siku nyingi, na kisu chake kisigusane na matunda. Ikiwa miongoni mwa walimu wenzako kuna mjamzito, naye asiionje ikiwa baridi. Kwangu mimi ningeiondoa kabisa kwenye orodha ya chakula cha watoto wadogo. Yai la kuchemsha linajaza mkate vizuri tu.

*Niko Columbus, Ohio, tulitokea Kongo. Wanangu wanakula shuleni. Jirani ananiambia nyama ya kusaga ya shule za Marekani ina ute wa waridi uliotiwa amonia. Ni kweli? – Mama wa wanne*

Dada, jirani yako anakumbuka vurugu za Machi 2012. Viwanda vilikuwa vinachukua mabaki ya mafuta ya ng'ombe yenye nyama kidogo, vinayapasha joto, vinayazungusha kwa kasi ili mafuta yajitenge, kisha nyama iliyobaki inapulizwa gesi ya amonia kuua bakteria. Hiyo ndiyo iliyoitwa ute wa waridi. Ilichanganywa na nyama ya kusaga, mpaka asilimia 15, bila kuandikwa kwenye paketi kwa kuwa ilihesabiwa ni nyama ya ng'ombe kama nyingine. Wizara ya kilimo ya huko ilishikilia kwamba ni salama. Wazazi walichokasirikia zaidi ni kutoambiwa, na hapo mimi niko upande wao. Mwezi ule ule wizara ikaziruhusu shule kuchagua nyama isiyo na mchanganyiko huo.

Kwa hiyo piga simu ofisi ya chakula ya shule zenu, omba mkalimani wa Kiswahili, uulize wananunua nyama ya aina gani na viungo vyake ni nini. Ni swali la kawaida, hutaonekana mkorofi.

*Soseji zetu zimeandikwa "nyama ya ng'ombe". Nitajuaje ni halali na si takataka? – Bi. Mkubwa wa nyumba, Mombasa*

Geuza paketi, bibi, usome nyuma. Viungo hupangwa kwa uzito, kilicho kingi kinatangulia. Ukikuta maji, wanga na soya vimeipita nyama, umejua unanunua nini. Nitriti, kemikali ya kuhifadhi nyama ambayo mara nyingi huandikwa E250, ndiyo inayoleta ule wekundu na kuzuia bakteria hatari. Kisha tazama sodiamu, madini yaliyomo kwenye chumvi: miligramu 800 kwa gramu 100 ni sawa na gramu 2 za chumvi. Mtu mzima anashauriwa asifike gramu 5 kwa siku nzima, sembuse mtoto.

Kuhusu uhalali, neno "ng'ombe" mbele ya paketi halikuambii ngozi ya nje ya soseji imetoka wapi. Inaweza kuwa utumbo wa kondoo au wa nguruwe, au kolajeni, ambayo kwa kawaida hutoka kwenye ngozi ya ng'ombe, na huyo naye inabidi ujue alichinjwaje. Tafuta alama ya taasisi ya halali unayoiamini. Usipoiona, rudisha paketi rafuni.

*Kamati ya shule yetu inasema nyama halisi ni ghali, soseji ni rahisi. Niwajibu nini? – Mzazi, Tanga*

Nenda kikaoni na paketi tupu. Kama imeandikwa nyama asilimia 55, basi kilo moja ya soseji ina nyama gramu 550. Gawanya bei kwa hiyo 0.55, uweke jibu pembeni ya bei ya kilo buchani. Mara nyingi watu hunyamaza hapo.

Halafu omba kuliona friza. Nilipata kuingia jikoni kwa shule moja ya kulipia ambako friza lilikuwa linazimwa kila usiku kubana umeme. Nilipofungua kifuniko, paketi za soseji zilikuwa zimegandana kuwa bonge moja, na chini yake barafu yenye rangi ya waridi. Ukiona barafu ya rangi hiyo, ujue nyama iliyeyuka, ikachuruzika, ikagandishwa tena. Mpishi alijua. Alikuwa ameshasema, hakusikilizwa. Kwa hiyo muulizeni mpishi, tena bila mwalimu mkuu kusimama pembeni.

Na nyama si lazima iwepo. Jijini Nairobi, mpango wa Dishi na County ulioanza 2023 unawapikia watoto wa shule za umma wali kwa maharage au ndengu (choroko), na mzazi analipa shilingi 5 tu za Kenya kwa mlo. Ninyi Tanga mna bahari. Dagaa waliokauka vizuri, wakatolewa mchanga, wakaoshwa kwa maji ya moto na kuungwa kwa nyanya na nazi, wanampa mtoto protini, na pia madini ya chokaa ambayo kwenye soseji ni machache. Makande ya siku mbili kwa wiki, dagaa siku moja, mayai siku moja, hiyo ni ratiba ambayo kamati inaweza kuipigia hesabu leo hii.

Kikao kikiisha niandikie. Nataka kujua walisema nini kuhusu friza.