Tumbo linauma Jumatatu, Jumamosi limepona

*Shangazi, shikamoo. Naishi Makorora, Tanga. Mwanangu ana miaka minane, yuko darasa la pili. Likizo ya Desemba alikwenda kwa bibi yake Pangani. Tangu shule zifunguliwe, kila asubuhi analia tumbo. Nikimfikisha shule ananing'ang'ania kitenge, inabidi nikae chini ya mwembe hadi saa nne, na biashara yangu ya vitumbua inalala. Jumamosi na Jumapili mzima wa afya, anacheza mpira. Baba yake anasema namdekeza, dawa yake fimbo. Bibi anapiga simu kila asubuhi, anataka mjukuu arudi Pangani asome hukohuko. Zamani shule alikuwa akiipenda, yeye na rafiki yake mmoja walikuwa hawaachani, ila wazazi wa huyo mtoto wamehamia Muheza. Nifanyeje?*
*Mama wa Makorora*

Marahaba mwanangu, na pole.

Kwanza mpeleke zahanati wakamwangalie minyoo na choo. Wakikuta hana kitu, usirudi nyumbani ukamwita mwongo. Tumbo la hofu linauma kwelikweli, hata kama hupona basi la shule likishapita.

Sasa tuje kwenye barua yako. Habari ya bibi umeieleza, ya fimbo umeieleza, ya vitumbua umeieleza. Rafiki aliyehamia Muheza umemtupia mwishoni kabisa, kama kitu ulichokikumbuka ukiwa unafunga bahasha. Mimi ningeanzia hapo. Mwanao alitoka Pangani, akaingia darasani, akakuta nafasi ya mwenzake ina mtu mwingine au haina mtu. Hakuna aliyemwandaa. Sisi watu wazima jirani akihama tunaagana naye siku tatu, mtoto tunamwambia "utapata mwingine" tukaendelea na mboga.

Kwa hiyo acha kumuuliza "kwa nini hutaki shule?" Hilo hata wewe usingelijibu. Muulize jioni, mkiwa mnachambua mchele: siku hizi unakaa dawati moja na nani? Mapumziko mnacheza nini? Chooni unakwenda na nani? Hili la choo usilipuuze. Wapo watoto wanaobana haja tangu asubuhi mpaka wanarudi nyumbani kwa kuogopa wakubwa wanaokaa mlangoni, na tumbo lazima liume. Halafu tafuta mtoto wa mtaani kwenu anayesoma shule hiyo, waongozane. Mwalimu naye mwone, ila nenda saa ya kutoka. Asubuhi ana darasa zima linamsubiri, atakuitikia tu ili umpishe.

Hapo chini ya mwembe inuka, mwanangu. Najua unakaa kwa huruma, lakini yeye akichungulia dirishani akakuona, anachosoma ni kwamba mahali pale pana hatari, ndiyo maana mama analinda. Mwambie ukweli: "Nakwenda kuuza, saa nane nakuja kukuchukua." Kisha ondoka, hata akilia, na saa nane uwepo kweli. Usimtoroke akiwa amegeuka, maana kesho yake atashika kitenge kwa mikono miwili.

Na baba asiishie kutoa hukumu. Ana baiskeli? Hapo Tanga nani hana? Basi yeye ndiye ampakie asubuhi kwa wiki mbili hizi. Watoto wengi kwa baba huaga upesi kuliko kwa mama. Fimbo itampeleka shule kimya, na lile linalomtisha hamtalijua kamwe.

Usingizi nao uangalieni. Kwa bibi alikuwa analala anapotaka na kuamka jua limepanda. Mtoto wa umri wake anahitaji kulala muda wa saa 9 hadi 12 kila usiku. Kama anaamka saa kumi na moja na nusu alfajiri, saa mbili usiku awe kitandani na televisheni imezimwa. Najua Januari hiyo joto la kaskazi halilaliki, mwogeshe, mfungulie dirisha, chandarua kiwepo. Msimrudishe kwenye ratiba hiyo kwa siku moja. Mwahisheni kulala kwa nusu saa kila baada ya siku mbili. Sare na daftari ziwe tayari tangu usiku, asubuhi isianze kwa kutafutana soksi.

Kuhusu mama mkwe, simpingi kumpenda mjukuu. Ila simu ya asubuhi inamkata mtoto miguu. Mumeo ndiye azungumze naye, si wewe, kwa heshima zote: apige jioni, amuulize leo umesoma nini, na asimwambie kwamba anamlilia. Pangani atakwenda tena likizo ya mwezi wa sita, mwonyesheni kwenye kalenda. Kumhamisha sasa ni kumfundisha kwamba akilia vya kutosha shule inabadilishwa, na huko nako atakuwa mgeni.

Mkifanya haya wiki tatu na hali ikabaki ileile, au akianza kukojoa kitandani, ukaona alama mwilini, au kuna mtu fulani akitajwa anakuwa mkimya, usingoje. Piga 116, simu ya huduma kwa mtoto, ni bure. Dawati la jinsia na watoto la polisi nalo lipo, nenda hata kama baba yake anaona aibu.