Kabla hujarudi tena duka la dawa za mifugo

Juzi dada mmoja wa Kibosho kaniandikia: "Shikamoo mwalimu. Ng'ombe wangu anaharisha wiki ya sita, homa hana, majani anakula vizuri, ila mbavu zinahesabika. Nimpe dawa gani?"

Nilisoma mara tatu. Ni Malaika wangu mtupu.

Malaika nilimnunua kwa kiinua mgongo. Friesian, lita 18 kwa siku, majirani walikuwa wanakuja kumtazama kama bibi harusi. Baada ya mzao wa tatu akaanza kuharisha, maji matupu yanachuruzika mpaka kwenye kwato. Muuza dawa mmoja mjini Moshi akanipa ya minyoo, kisha sindano, kisha "sindano kali zaidi". Miezi minne! Chini ya taya pakavimba, ukibonyeza kidole kinaacha shimo. Jirani akaninong'oneza kwamba kuna mkono wa mtu. Mimi, mwalimu wa sayansi mstaafu, nusura niamini.

Daktari wa mifugo alipokuja hakutoa sindano. Alichukua damu na kinyesi. Jibu: ugonjwa wa Johne, na tiba hakuna. Tulipompasua, utumbo mdogo ulikuwa mnene, ndani una makunyanzi kama ya ubongo. Chakula kilikuwa kinapita tu, na protini ya damu inavujia humo humo. Ndiyo sababu ya lile taya.

Ila kinachoniuma mpaka leo ni bintiye, Subira. Nilimpima damu, wakasema hana. Nikachinja jogoo. Daktari akala, akanawa, ndipo akaniambia nisishangilie.

Bakteria huyu ni ndugu wa yule wa kifua kikuu. Humwingia ndama akiwa mchanga, kupitia kinyesi au maziwa ya mama, akajificha ndani ya chembe nyeupe za damu, zile zile zilizotumwa kummeza. Miaka ya mwanzo chembe nyingine humzingira, na ng'ombe ananenepa, anazaa, anakamuliwa. Kingamwili, yaani zile silaha za mwili zinazoelea kwenye damu, ambazo ndizo kipimo chetu kilikuwa kinatafuta, huja kwa wingi baadaye, ngome ile ikishalegea. Na zikija hazimpati, maana yeye yuko ndani ya chembe, amejifungia. Kwa hiyo "hana" ya mtamba huenda ni "bado". Subira alianza kuharisha akiwa na miaka minne.

Sasa ushauri, na msininunie. Acheni kumwaga hela kwenye chupa. Hangaikeni na ndama: atolewe kwa mama siku ile ile, apewe dang'a ya ng'ombe mmoja mnayemwamini, si ya kuchanganya ndoo moja. Samadi mbichi isifike anapokula, kwa sababu bakteria huyu anaweza kukaa nje zaidi ya mwaka akiwa hai. Ndama, jamani, ndama. Kwa ng'ombe mkubwa mmeshachelewa.

Na mnada. Niliambiwa nimpeleke Subira mnadani kabla hajakonda, "kila mtu anafanya hivyo". Ndivyo nami nilivyouziwa Malaika, nina hakika. Anayefanya hivyo asiende kutoa sadaka Jumapili.

Dada wa Kibosho, mpigie daktari leo, achukue kinyesi. Na yule mtamba uliyesema unamwuzia shemeji yako mwezi ujao, mwache kwanza bandani.