Kulala Stellenbosch au Cape Town kwa siku nne
Ndugu, kwa safari ya siku nne ya kutazama mandhari na mashamba ya mizabibu huko Afrika Kusini, lala Stellenbosch badala ya Cape Town, kwa kuwa mji huo uko takribani kilomita 50 tu kutoka Cape Town na mashamba yanaanzia pembezoni mwake, hivyo hutapoteza nusu siku barabarani. Nilikwenda na mke wangu tukitokea hapa Mtwara, na kilichotufaa zaidi ni tramu ya Franschhoek, mji wa mizabibu ulio jirani na Stellenbosch, inayowashusha wageni shamba moja na kuwapeleka jingine, kwa hiyo aliyeonja mvinyo hashiki usukani. Kwa mzee asiyeweza kupanda milima, Kirstenbosch, bustani ya mimea iliyoko Cape Town, inatosha kabisa: kuna daraja jembamba la kutembelea juu ya vilele vya miti, na ukisimama katikati yake unauona Mlima wa Meza umekuinamia. Angalia tu msimu. Kiangazi chetu cha Juni hadi Agosti ndicho kipindi chao cha baridi na mvua. Afadhali usubiri fedha za korosho, uende Novemba.