Maswali ya wasomaji: Kutoka Goma hadi Bukavu kwa baiskeli, kwa kufuata Ziwa Kivu

*Papa Mhariri, sisi ni kundi la waendesha baiskeli kumi na wawili wa Himbi na Katindo, wanaume na wanawake, vijana na watu wazima, na tunakutana kila Jumapili asubuhi. Kiangazi kijacho tunataka kusafiri pamoja hadi Bukavu kwa kufuata ziwa, tulale njiani, kisha turudi Goma kwa boti. Wengine wanataka tupite upande wetu, Minova na Kalehe, na wengine wanataka tupite Rwanda. Isitoshe, wenye nguvu wanasema siku mbili zinatosha, na jambo hilo limeanza kuleta maneno kati yetu. Tushauri. — Msomaji wa Himbi, Goma*

Ndugu msomaji, nianze na njia, kwa kuwa hapo ndipo penye uhai wa watu. Barabara ya taifa namba 2, inayotoka Goma kupitia Sake, Minova, Kalehe na Kavumu, ina mandhari ambayo mtu hachoki kuyatazama, na siku amani itakapotulia huko nitafurahi kuwaelekeza hatua kwa hatua. Lakini imekuwa uwanja wa mapigano mara nyingi mno, na tangu vita vya mwanzo wa 2025 vilivyoikumba miji yetu yote miwili sioni namna ya kumshauri mtu aende huko kwa matembezi. Piteni ng'ambo. Rwanda imetengeneza na kuweka alama kwenye njia ya kilomita 227 iitwayo Congo Nile Trail, inayoanzia Rubavu, hatua chache tu kutoka mpaka wetu, ikapita Karongi na kuishia Rusizi, ambako mnavuka mto Ruzizi na kujikuta Bukavu.

Wanaokwenda kwa miguu huitengea njia hiyo siku kumi hivi, na wenye baiskeli siku tano. Nawaomba mzishike hizo siku tano. Wenzenu wanaosema siku mbili wamegawanya kilomita kwa mwendo wao wa Jumapili mjini, na Kivu haiendeki kwa hesabu hiyo. Ziwa lenyewe liko kwenye mwinuko wa mita 1,460 hivi, lakini njia haikai kando ya maji kwa muda mrefu: hupanda mgongo wa kilima, hushuka hadi kwenye ghuba ambako wanawake wanaanika sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, kisha hupanda tena upande wa pili, na hivyo hivyo kutwa nzima. Mtu wa kawaida mwenye mzigo kwenye keria hupanda mita 300 au 400 za mwinuko kwa saa moja, na huo ndio mwendo mnaopaswa kuupangia. Kabla ya kuondoka, mmoja wenu achukue ramani inayoonyesha miinuko, ajumlishe mita za kupanda za kila siku, na siku igawanywe kwa jumla hiyo. Siku yenye kilomita 35 na milima mingi ni nzito kuliko siku ya kilomita 60 penye tambarare, na mwili wa aliye mnyonge katika kundi utauhisi uzito huo kabla ya saa sita mchana.

Jueni pia kwamba njia ni mbili. Ipo barabara ya lami inayounganisha Rubavu, Karongi na Rusizi, na ipo njia ya udongo inayoteremka karibu na vijiji na mashamba ya kahawa ya Kinunu. Ushauri wangu ni kuchanganya: udongo kutoka Rubavu hadi Karongi, wakati miguu ingali mibichi, halafu lami kuelekea kusini kwa yeyote aliyechoka. Msipange safari hii Machi hadi Mei, wala Oktoba na Novemba, kwa sababu mvua ikinyesha ule udongo mwekundu hujaa kati ya tairi na fremu mpaka gurudumu linagoma kuzunguka, na mnaishia kubeba baiskeli begani. Juni hadi Agosti ni vumbi, na vumbi linavumilika.

Sasa nije kwenye lile lililoanza kuleta maneno, ambalo kwa maoni yangu ni zito kuliko njia. Kundi la watu kumi na wawili huvunjika kwa sababu hakuna aliyekubaliana na mwenzake nani anamngoja nani. Kaeni chini kabla ya safari, mkubaliane kwa sauti, kila mmoja akisikia, kwamba mwendo wa kundi ni mwendo wa aliye nyuma kabisa. Chagueni mtu mmoja wa mwisho, mwenye nguvu na mwenye subira, aliyebeba pampu na sanduku la dawa, na iwe sheria kwamba hakuna anayebaki nyuma yake, hata kwa ajili ya kupiga picha. Chagueni pia wa mbele, ambaye kazi yake ni kusimama kwenye kila njia panda mpaka amwone wa mwisho kwa macho yake. Kwenye lami jigaweni vikundi vya watu watatu au wanne, vyenye nafasi kati yao, ili lori lipate mahali pa kupita na kurudi upande wake. Wazito wa kupanda waondoke nusu saa mapema asubuhi, wakati wengine wanafunga mizigo. Nimeona jambo hili dogo likiokoa heshima ya watu, kwa sababu anayefika kileleni pamoja na wenzake hula chakula chake kwa furaha, lakini anayefika wakati wenzake wameshapumzika na kusimama tayari kuondoka hunyimwa hata pumziko lake.

Kwenye miteremko, ni kinyume: kila mtu peke yake, mita nyingi nyuma ya mwenzake, akibonyeza breki zote mbili kidogo kidogo na kuziachia. Anayekamata breki moja tangu juu hadi chini hulipasha moto gurudumu, na breki inayopata moto hupoteza nguvu mahali hasa pale anapoihitaji.

Kuhusu vifaa, wiki mbili kabla ya safari zipangeni baiskeli zote kumi na mbili katika mstari mmoja uani na mzikague kwa zamu. Andikeni ukubwa wa kila tairi na aina ya valvu yake, kwa maana mtakuta kuna inchi 26, 27.5 na 29 katika kundi moja, na mpira wa ndani wa huyu haumfai yule. Mafundi wa vijijini kule ni hodari kweli: watakubandikia kiraka, watakunyooshea spoku, watakufungulia pedali iliyoganda. Lakini wao hutengeneza zile baiskeli nzito za inchi 28 zisizo na gia, zinazobeba ndizi na madumu. Kitu ambacho hamtakipata kwao ni kile kipande kidogo cha chuma laini kinachoshikilia gia ya nyuma kwenye fremu. Baiskeli ikianguka upande wa kulia, kipande hicho ndicho kinachopinda kwanza. Gia ya nyuma huingia ndani, na ukikanyaga ukiwa kwenye gia ya chini kabisa, inanaswa na spoku na gurudumu linaharibika papo hapo. Kila fremu ina umbo lake la kipande hicho, kwa hiyo kila mmoja anunue cha baiskeli yake na kukifunga kwa utepe chini ya kiti. Baada ya kila anguko, hata dogo, simameni nyuma ya baiskeli mtazame kama gia ya nyuma imesimama wima sambamba na gurudumu.

Mambo mawili ya Rwanda yenyewe. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku huko tangu 2008, kwa hiyo msifungashe nguo kwenye mifuko ya sokoni. Tafuteni ya kitambaa au ya mpira mzito. Na Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, asubuhi, watu wote wako kwenye kazi ya jamii, umuganda, na barabara hazipitiki kama kawaida. Ikiwaangukia katikati ya safari, ifanyeni iwe asubuhi ya kupumzika Karongi.

*Papa Mhariri, mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 46, ninaishi Nguba. Wadogo zangu wa Goma watakuja Bukavu kwa baiskeli, na wanataka nipande hadi Karongi kwa basi ili nimalize nao safari. Ninaendesha baiskeli sokoni tu. Ninaogopa kuwachelewesha, na ninaogopa zaidi kurudi nao Goma kwa boti. — Mama wa Nguba, Bukavu*

Mama, nenda. Kutoka Karongi hadi Rusizi ndiko kusini mwa njia, na mabasi ya abiria yanapita kwenye lami, kwa hiyo siku utakayochoka kweli utapakia baiskeli na kuwangojea wenzako mbele, na hakuna aibu yoyote ndani yake. Una muda wa kujiandaa. Mara tatu kwa wiki, panda mlima mmoja wa mtaani kwako polepole kwa gia nyepesi, ukiwa umekaa kitini, mpaka uweze kuzungumza huku unapanda. Ukishindwa kuzungumza, umekwenda kasi mno. Siku za mwisho panda ukiwa na mzigo uleule utakaousafirisha.

Maumivu ya kukaa ndiyo yanayowakatisha tamaa wanaoanza, na mara nyingi chanzo chake ni kiti kilichowekwa vibaya. Kaa kitini, weka kisigino juu ya pedali ikiwa chini kabisa: mguu uwe umenyooka bila kiuno kuinama upande. Kiti laini chenye sponji nene huonekana cha huruma dukani lakini huchubua baada ya saa mbili. Tafuta kigumu kiasi na suruali yenye pedi ndani. Na kula kabla ya njaa kufika. Ndizi mbivu, mandazi, karanga, kila baada ya dakika arobaini hivi, na chupa mbili za maji yaliyochemshwa.

Kuhusu boti, hofu yako ina sababu, na wadogo zako wasiicheke. Oktoba 2024 boti iliyotoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku, Goma, ikiwa imejaza watu kupita kiasi, na familia nyingi za pande zetu zingali katika msiba huo. Msipande chombo ambacho abiria wake hawana jaketi la kuokolea kila mmoja, msipande kilichojaa, na msikubali baiskeli zirundikwe juu ya paa ambako huongeza uzito wa juu. Mkiona siku hiyo vyombo vyote vimejaa, laleni Bukavu usiku mmoja zaidi. Au, kama karatasi zenu zinaruhusu, rudini Rubavu kwa basi kupitia Karongi.

*Je, jetoni ya mpakani inatosha kwa safari hiyo? Sina pasipoti. — Kijana wa Birere, Goma*

Jetoni ni karatasi ya kuvuka na kurudi siku hiyohiyo, kwa biashara na shughuli za mpakani, nayo haikufai kwa kulala usiku mwingi ndani ya nchi. Mwezi mmoja kabla ya safari, fika mwenyewe kwenye ofisi za uhamiaji za pande zote mbili, uulize ni hati gani inayokubaliwa kwa sasa na kama mpaka uko wazi kwa saa zipi, maana hayo hubadilika. Ulizia pia karatasi ya baiskeli. Risiti ya ununuzi au cheti chenye namba ya fremu humwondolea mtu maswali marefu wakati wa kurudi.

Ukikosa hati, fikiria Idjwi. Ni kisiwa chetu, kikubwa kuliko vyote ziwani, kinafikiwa kwa boti kutoka Goma na kutoka Bukavu, na njia zake za udongo zinapita katikati ya mashamba ya kahawa na mananasi bila magari mengi. Kundi dogo la watu wanne au watano litapata huko siku mbili tatu nzuri za kuendesha. Waombeni ruhusa wakubwa wa kijiji kabla ya kulala mahali popote, mbebe vipuri vyote kutoka mjini, na mpange siku ya kurudi mkiacha siku moja ya akiba, kwa sababu upepo ukivuma boti haiondoki.